Mabomba Mawili ya Mwalimu Ottar

Jumanne, 11 Aprili

Pasaka imekwisha. Watu wameteremka kutoka vibanda vyao vya likizo milimani, pua zimeungua kwa jua la theluji, na mimi nimefungua ofisi. Shule ya Udereva ya Ottar Brekkhus, mwaka wa ishirini na tisa hapa Lauvdal. Waliokuja kujiandikisha leo: hakuna. Ng'ambo ya barabara, kwa Sunniva Haugmoen, wameingia saba. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nafuta dirisha.

Sunniva nilimfundisha mwenyewe. Kurudi nyuma kwenye mlima, kutazama vioo, kila kitu. Sasa ana miaka thelathini na moja, ana shule yake, na ana gari jeupe la umeme ambalo hulisikii hata likikupitia kwenye vidole. Aliniona dirishani akanipungia mkono. Dharau.

Mimi nimebaki na mwanafunzi mmoja. Ragnfrid, mjane wa miaka sitini na tatu, ameshindwa mtihani mara nne. Gari linamzimikia, hana kosa jingine. Linamzimikia kwenye taa, linamzimikia kwenye mzunguko, na safari moja lilimzimikia kabla mtahini hajamaliza kufunga mkanda. Mtihani wa tano ni tarehe kumi na mbili Mei. Huu lazima apite. Basi la kwenda kwake, kule juu mwisho wa bonde, linaondolewa mwezi wa sita, na dada yake anakaa bonde la pili.

Nimefikiri mchana kutwa. Vijana wa hapa wanapenda nini? Saa kumi nikawaona wanazunguka kituo cha mafuta na sedani zao kuukuu, mabomba ya moshi yanaguna. Jibu nikalipata hapo hapo. Sedani yangu ya bluu ina bomba moja, upande wa kulia, jembamba kama filimbi. Ikiwa na mawili, moja kila upande, ya kutengenezwa kwa mkono, hakuna kijana atakayevuka barabara kwenda kwa mtu mwingine.

Torhild, mke wangu, asijue mpaka kazi iishe.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimelala chini ya gari saa mbili, juu ya mkeka wa mazoezi wa Torhild. Mkeka nimeugeuza upande wa pili. Sidhani kama atagundua.

Mpango ni huu. Bomba linatoka kwenye injini, linapita katikati, linaingia kwenye sailensa ya kwanza, kile kikopo cha kupunguza kelele. Hapo nitaligawa kama miguu ya suruali. Mguu wa kulia hauna shida. Wa kushoto unakutana na tangi la mafuta, kisha shimo la tairi la akiba. Tangi tutalizunguka. Shimo la tairi tutalikata. Sijapata pancha tangu mwaka 2011.

Karatasi zikaniishia katikati ya mchoro. Nikachukua nyingine zilizokuwa juu ya piano, zenye upande mmoja mtupu. Mchoro umetoka safi. Juu nimeandika SIRI na kupiga mistari miwili.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Asgeir. Ni fundi wa kuchomelea, nilisoma naye shule ya msingi, na siku hizi anatengeneza vyuma vya mazizi ya ng'ombe. Aliutazama mchoro muda mrefu, akamimina kahawa, akautazama tena. Akauliza mawili ni ya nini.

Nikamweleza kuhusu upumuaji wa injini.

"Ottar, rafiki yangu," akasema, "injini yako ina moshi wa bomba moja. Ukiugawa, kila upande utapata nusu."

Nikamwambia hii ni biashara, si moshi. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini kazi ameikubali. Anayo mabomba ya chuma kisichopata kutu, mazuri sana, aliyoyatoa kwenye kiwanda cha maziwa kilipofungwa. Yamemkalia miaka nane. Shida ikaja kwenye sailensa za nyuma. Anataka kuweka mbili kubwa. Nikamwambia kubwa ni za wazee, niwekee zile ndogo. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Asgeir ni fundi mzuri, ila hana jicho la biashara.

Jumanne, 18 Aprili

Balaa. Zile karatasi za piano zilikuwa noti za nyimbo za kwaya.

Nilipotoka kwa Asgeir nilizirudisha juu ya piano, na Torhild akazibeba kwenda mazoezini bila kuzigeuza. Wanajiandaa kwa sikukuu ya taifa, kumi na saba Mei. Alipowagawia wanawake wa sauti ya pili, mzee wao mmoja akavaa miwani, akauliza kwa heshima kama "kata shimo la tairi" ni ubeti wa kwanza au kiitikio.

Nilikuwa nakula mikate ya samaki aliporudi. Akaiweka karatasi mbele yangu, kando ya viazi. Nikajaribu kusema ni ya mtu mwingine. Akanyoosha kidole kwenye kona, pale nilipoandika jina langu na tarehe.

"Ungeniambia tu kwamba unataka kuchukiwa na majirani," akasema. "Ningekusaidia. Na siku nyingine uandike SIRI kwa herufi ndogo, hii imesomeka mpaka kwa waimbaji wa besi."

Akauliza kama Ragnfrid anajua. Nikamwambia Ragnfrid atafurahi. Akasema hilo siyo alilouliza. Kisha akaniambia mkeka wake una mafuta, na kwamba sasa ni wangu.

Ijumaa, 21 Aprili

Sunniva amekuja ofisini na maandazi ya iliki, bado ya moto. Akasema amesikia mjini kwamba gari langu litakuwa kwa fundi wiki nzima, na kama Ragnfrid anahitaji kufanya mazoezi, gari lake la pili halina kazi asubuhi.

Nimeiona hila yake mara moja. Anataka kuninyang'anya hata huyu mmoja. Nikamshukuru kwa ubaridi, nikamwambia Ragnfrid hupumzika kabla ya mtihani, ni mbinu ya kisayansi. Akasema mwalimu ndiye anayejua. Bado ananiita mwalimu. Ana ujanja huyu msichana.

Maandazi nimekula manne. Ushahidi usibaki.

Ijumaa, 28 Aprili

Limekwisha!

Asgeir alilishusha kutoka kwenye jeki saa tano asubuhi. Nikapiga magoti nyuma yake. Mabomba mawili, mdomo mmoja kila upande, yanang'aa kama vijiko vya harusi. Bampa amelikata kwa msumeno, na upande wa kushoto umepinda kidogo, lakini ukisimama mbali kiasi huoni. Nikawasha.

Ilikuwa sauti nzito. Ya heshima. Kikombe cha Asgeir kikatembea juu ya meza mpaka ukingoni, akakidaka bila kukitazama. Alisema kitu. Sikumsikia. Akasubiri nizime, akarudia: sailensa kubwa bado anazo, ameziweka kwenye rafu ya pili, nikizihitaji.

Njiani nikaanza kunusa kitu. Maziwa. Miaka nane haikutosha kuyatoa yote ndani ya yale mabomba, na sasa yanapikika. Nilipofika nyumbani gari zima lilinuka kama jibini letu la kahawia, lile la kupikwa kwa maji ya maziwa, linapochemka sufuriani. Torhild alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika masikio. Akasema nimeleta ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe amekula kitu kibaya.

Jumanne, 2 Mei

Somo la kwanza na mabomba mapya. Ragnfrid ameingia, akafunga mkanda, akawasha, kisha akageuka kunitazama mimi badala ya barabara. Nikasema ni kawaida, aendelee. Akauliza nimesema nini.

Tumekwenda kilomita sita. Nilisema kushoto mara tatu, mara ya tatu kwa sauti yangu ya uwanja wa mpira. Akaingia kulia, kwenye uwanja wa kanisa, ambako kulikuwa na maziko. Akasimama sawasawa, kati ya mistari miwili, na gari likamzimikia. Kwa mara ya kwanza nilishukuru lilipozima. Mchungaji alisubiri kidogo, akaendelea kusoma. Sasa, ili tuondoke, ilibidi tuwashe tena.

Ragnfrid akasema tusubiri wamalize. Tulikaa dakika arobaini. Akanisimulia habari za dada yake, Oddlaug, jinsi walivyokuwa wakionana kila Jumapili mume wake alipokuwa hai na kuendesha gari. Sasa wanaongea kwa simu. "Simu si kitu, mwalimu," akasema. "Yeye haongei, anatikisa kichwa. Kwenye simu huoni mtu akitikisa kichwa."

Kisha akasema harufu ya gari inamtia njaa.

Alhamisi, 4 Mei

Nimepata suluhisho. Vibao vinne vya karatasi ngumu: KUSHOTO, KULIA, SIMAMA, POLEPOLE. Herufi nyeusi juu ya manjano. Naviinua pembeni ya usukani wakati unapofika.

Ragnfrid ana miwani ya mbali na miwani ya karibu. Barabara ni miwani ya mbali. Vibao ni miwani ya karibu. Nilipoinua KUSHOTO akasimamisha gari, akafungua mkoba, akabadilisha miwani, akasoma kwa sauti, akanishukuru. Nyuma yetu kulikuwa na trekta na magari sita.

Sunniva akapita upande wa pili na mwanafunzi wake. Alipunguza mwendo, akashusha kioo, akauliza kama tumeharibikiwa. Nikainua kibao kilichokuwa karibu. Kilikuwa POLEPOLE. Akacheka, akanipungia tena.

Jumamosi, 6 Mei

Ushindi! Vijana wamekuja.

Walikuwa watano. Niliegesha mbele ya ofisi nikaiacha injini inaunguruma, na hazikupita dakika kumi wakajitokeza. Wakalala chini kwenye lami, wote watano, kutazama. Wakapiga picha. Mmoja akagonga bomba kwa kidole, akasema hajawahi kuona kuchomelea safi namna hii bonde zima. Nikatoa fomu za kujiandikisha, nikatoa na kalamu tano.

Wanne wana leseni tayari. Wa tano yuko kwa Sunniva, amebakiza masomo mawili. Walichotaka ni jina la fundi.

Wamekwenda kwa Asgeir moja kwa moja. Saa nane akanipigia simu kunishukuru. Ana kazi mpaka Agosti.

Jumanne, 9 Mei

Torhild ameniuliza, bila kelele, kwa nini nisirudishe bomba la zamani kabla ya Ijumaa. Nikamwambia dereva wa kweli lazima aweze kuendesha katika hali yoyote. Akasema Ragnfrid hataki kuwa dereva wa kweli, anataka kwenda kwa dada yake.

Nimelala vibaya. Labda ni jibini la kahawia.

Ijumaa, 12 Mei

Siku ya mtihani. Niandike yote, hata yasiyonipendeza.

Tulifika kituoni saa nne kasoro robo. Ragnfrid alivaa koti lake zuri la bluu. Mtahini akatoka, bwana mmoja mrefu mpole anaitwa Eilert, ndiye aliyemfelisha mara ya tatu. Akasimama kwenye ngazi akaniomba nizime gari. Nikazima. Akasikiliza, akatuzunguka mara moja, akainama nyuma. Akauliza haya mabomba yamekaguliwa na nani. Nikasema na mimi. Akauliza karatasi ziko wapi. Nikamwambia mchoro uko kwenye kwaya.

Hakupandisha sauti. Akasema gari hili haliwezi kutumika kwenye mtihani, na mpaka likaguliwe nisifundishie mtu. Akamwomba Ragnfrid radhi. Kisha akasema ana nafasi nyingine saa saba mchana. Tukipata gari, vizuri. Tukikosa, nafasi inayofuata ni Septemba.

Ragnfrid akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi wa mawe, mkoba magotini. Nilianza habari za upumuaji wa injini, nikaishia njiani. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu kwamba Oddlaug ameoka keki.

"Ya Jumapili," akasema. "Nilimwambia nakuja. Nilisema nitakuja mwenyewe, nikiendesha. Nilijisifu, mwalimu. Afadhali nisingejisifu."

Nikatembea mpaka mwisho wa maegesho ili asinione. Nikampigia Sunniva. Nilikuwa nimepanga sentensi ndefu yenye heshima zote mbili, yake na yangu. Ikatoka hivi: "Nimeharibu. Naomba gari lako."

"Uko wapi?" akasema. Baada ya dakika ishirini na tano alikuwa pale, na gari jeupe, pedali za mwalimu zikiwa tayari. Alimsalimu Ragnfrid kwa mkono. Mimi nikadhani atakaa yeye kiti cha mwalimu. Akanirushia ufunguo. Akasema Ragnfrid amezoea sauti ya mwalimu wake, leo siyo siku ya kumbadilishia.

Tulifanya mazoezi saa mbili nyuma ya ghala la mbao. Hakuna klachi. Hakuna gia ya kubadilisha. Ragnfrid alikanyaga, gari likaenda. Akasimama kwenye alama, akasubiri. Akanitazama.

"Limezima?"

Nikamwambia haliwezi kuzima.

"Haliwezi kabisa?"

"Kabisa."

Akasema kwa miaka miwili hajawahi kunisikia vizuri, maana alikuwa anaisikiliza injini ili asiiue, na kwamba kumbe nina sauti nzuri tu. Nikatazama dirishani. Kulikuwa na vumbi la mbao.

Saa saba akaondoka na Eilert. Mimi na Sunniva tukakaa ukutani. Akaniambia anakumbuka siku aliyogonga uzio wa shule akiwa na miaka kumi na saba, na mimi nikamwambia mkuu wa shule kwamba ni mimi niliyekuwa naendesha. Nilikuwa nimesahau. Nikamwambia ulikuwa uzio mbovu.

Walirudi baada ya saa moja hivi. Ragnfrid alishuka, akafunga mlango taratibu, akavua miwani ya mbali. Akavaa ya karibu kusoma karatasi. Akaisoma mara mbili.

Amepita. Magari ya otomatiki peke yake, imeandikwa, lakini amepita. Akamkumbatia Eilert, ambaye hakujiandaa. Kisha Sunniva. Kisha mimi, na akanishikilia muda mrefu kuliko wote, kitu ambacho sikustahili hata kidogo, na nimekiandika hapa kwa sababu hii ni shajara yangu na hakuna anayeisoma.

Jumatatu, 15 Mei

Asgeir ameyatoa mabomba na kurudisha bomba la zamani. Alikuwa anapiga mluzi, na mluzi una maneno yake.

Mmoja wa wale vijana watano ameyachukua. Lile tundu la kushoto kwenye bampa nimelifunika kwa stika ya shule yangu. Imekaa upande, lakini inasomeka.

Jumatano, 17 Mei

Sikukuu. Mvua kidogo, bendera kila dirisha, watoto wote wamekula aiskrimu kabla ya saa nne. Kwaya ya Torhild imeimba vizuri. Wale wa sauti ya pili wakanitazama mimi walipofika kwenye kiitikio, wanawake wote kumi na moja, na wawili wakashindwa kuimba kwa kicheko. Nikawapigia makofi.

Ragnfrid amekuja mwenyewe, na gari dogo la umeme alilonunua kwa mpwa wake. Ameegesha akachukua nafasi mbili. Oddlaug alikuwa kiti cha mbele. Nikamuuliza Oddlaug dada yake anaendeshaje. Akatikisa kichwa. Ragnfrid akasema hiyo ni sifa.

Kwenye foleni ya soseji Sunniva akasimama nyuma yangu. Akasema ana watu wazima tisa kwenye orodha, wote zaidi ya miaka hamsini, wote wanaogopa, na yeye hana subira ya kutosha kwa watu wanaoogopa. Akauliza kama nitafanya kazi pamoja naye. Jina langu litabaki mlangoni, kando ya lake, na gari moja jeupe litakuwa langu.

Nikamwambia hili ni jambo zito, nahitaji siku tatu za kutafakari. Foleni ilikuwa haijasogea hatua moja nikawa nimekubali.

Torhild aliposikia alinishika mkono. Akauliza, kwa upole kabisa, kama nimejifunza chochote mwezi huu. Nikamwambia nimejifunza mengi.

Jumatatu, 22 Mei

Siku ya kwanza kazini. Wanafunzi watatu, kuna daktari wa meno mstaafu anayefumba macho akikutana na lori. Nimefurahi sana. Sunniva amenipa ufunguo wangu, kwenye kamba nyekundu.

Nimejitafakari kwa ukweli. Kosa langu lilikuwa haraka. Na sailensa ndogo. Na maziwa. Wazo lenyewe halikuwa na kosa, hata Eilert hakusema kwamba linalo.

Wakati wa chakula cha mchana, Sunniva alipokwenda benki, nilileta mkeka wangu, nikalala chini ya lile gari jeupe la umeme kulitazama tu. Nimetazama magari kwa miaka ishirini na tisa. Chini ni bapa kama sahani. Hakuna tangi, hakuna shimo la tairi, hakuna kitu chochote njiani kutoka mbele mpaka bampa la nyuma. Sijawahi kuona gari lenye nafasi nzuri hivi ya mabomba mawili.